Jiwe Halitoki Jasho

Kuna neno moja limeingia Nairobi na kuketi mezani kama mgeni rasmi: madini. Waini nyeupe ikimiminwa siku hizi, hasa ile nyembamba yenye uchachu mkali, lazima mtu aseme ina madini. Ina jiwe. Ukiinusa, ati unasikia jiwe la mtoni baada ya mvua. Wengine mezani wanaitikia kwa kichwa, polepole, kwa heshima, na hakuna anayeuliza swali la mtoto mdogo: jiwe gani, na limefikaje ndani ya glasi?

Swali hilo sisi tuna haki ya kuliuliza kuliko wengi. Hapa kwetu jiwe linaliwa. Nenda soko lolote kubwa utapata odowa imepangwa kwa mafungu, si mbali na omena na nyanya, na akina mama wajawazito ndio wateja wake wakuu. Kwa hivyo ladha ya jiwe tunaijua. Ni ya vumbi na chaki, na inanata ulimini. Haifanani na ndimu wala tufaha bichi. Mtu akiniambia waini yake ina ladha ya jiwe, nina haki ya kumwuliza kama amewahi kulila.

Nitasema ninachotaka kusema mapema ili tusizungushane. Hadithi ya madini kwenye waini si ya kweli kisayansi, na hilo ndilo kosa lake dogo. Kosa kubwa ni kwamba inachukua kazi ya watu na kuipa sifa ardhi. Na ardhi, tofauti na watu, haidai mshahara.

Tuchukue mfano mmoja, manake hasira isiyo na anwani ni kelele tu. Mosel. Huu ni mto unaoanzia milima ya Vosges huko Ufaransa, unapita mpakani mwa Luxembourg, kisha unaingia Ujerumani na kujipinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia hadi Koblenz, unakojimwaga kwenye Rhine. Sehemu kubwa ya kingo zake ni miteremko ya sleti, lile jiwe la kijivu linalopasuka vibao vyembamba, ambalo watoto wa shule wa zamani waliliandikia kabla ya madaftari kuwa rahisi. Sleti hii ilikuwa matope ya sakafu ya bahari karibu miaka milioni 400 iliyopita. Juu yake wamepanda Riesling, aina ya zabibu nyeupe inayochukua zaidi ya nusu ya mashamba yote ya mizabibu ya Mosel. Hawakuanza jana. Pale Neumagen lilipatikana jiwe la kaburi la karne ya 3, wakati wa Warumi, limechongwa kwa umbo la mashua iliyojaa mapipa ya waini. Wachongaji hawakuwasahau wapiga makasia. Wamo humo, safu nzima, na nyuso zao.

Waini yenyewe ni tamu, na sitajifanya kuwa sio. Riesling ya Mosel ya daraja wanaloliita Kabinett mara nyingi ina alkoholi ya asilimia 8 au 9 tu, utamu kiasi, na uchachu unaokaza mashavu kama ukwaju. Ukiinywa baridi mchana wa jua, unaelewa kwa nini watu wamehangaika na vilima hivi kwa karne zote hizo. Kwa hivyo sijakuja kumwaga waini ya mtu. Nimekuja kuuliza nani anatajwa inaposifiwa.

Na mlima una mchango wake, tuwe wakweli. Mosel iko karibu nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, mbali sana na jua letu la utosini. Kule jua linakuja kwa mshazari, hafifu, na shamba tambarare linapata joto la kubahatisha. Mteremko unaotazama kusini unalipokea jua hilo uso kwa uso. Sleti nyeusi inakunywa joto mchana na kulitoa usiku. Inapitisha maji haraka, mizizi haikai kwenye tope. Mto ulio chini unarudisha mwanga juu na kupunguza makali ya baridi. Bila mteremko, kwa karne nyingi Riesling haingeiva huko. Haya yote ni kweli, na yote yanahusu joto, maji na mwanga. Hakuna hata moja linalohusu jiwe kupanda kwenye mzizi, kupita shinani na kujificha kwenye tunda hadi wewe ulinuse ukiwa Westlands.

Kuna mwanajiolojia wa Wales, Alex Maltman, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Aberystwyth na ambaye pia amelima mizabibu yake mwenyewe. Mwaka 2018 alichapisha kitabu kizima kuhusu miamba, udongo na mashamba ya mizabibu. Hoja yake ni rahisi. Madini ya mwamba ni mchanganyiko uliokazana, hauyeyuki kwenye maji kwa urahisi, na mmea hauwezi kuunyonya hivyo ulivyo. Mzabibu unachukua virutubisho kama potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, sawa na vile sukuma wiki inavyovichukua kwenye gunia lako la rosheni. Kinachobaki kwenye waini ni kidogo mno, na kwa sehemu kubwa hakina ladha ambayo ulimi unaweza kuinasa. Sleti yenyewe haina harufu. Ile harufu ya jiwe lililonyeshewa mvua inatoka kwenye mafuta na vitu vingine vya viumbe hai vilivyotua juu yake. Jiwe ni sahani tu.

Mfano bora ni huu. Riesling ikikaa miaka kadhaa kwenye chupa, inaanza kunuka mafuta taa. Sio tusi, wapenzi wake wanaitafuta harufu hiyo kwa hamu. Sasa kwa mantiki ya madini, chini ya Mosel kungekuwa na kisima cha petroli. Hakuna. Harufu hiyo inatokana na kemikali inayojitengeneza polepole kutoka kwa rangi asilia za zabibu, zile zile za familia ya rangi ya karoti, na inaongezeka tunda likipigwa na jua zaidi. Na nani anaamua tunda litapigwa na jua kiasi gani? Ni yule anayepunguza majani kwa mkono, mzabibu baada ya mzabibu, Julai na Agosti, akiwa amesimama kwenye mteremko mguu mmoja juu ya mwingine.

Hapo ndipo tunafika kwa watu.

Kule Bremm kuna mteremko unaoitwa Calmont, ambao sehemu zake zinafika nyuzi 65. Hiyo sio shamba bana, hiyo ni ukuta. Trekta haliendi. Sehemu nyingi za Mosel kila mzabibu umefungwa kwenye kigingi chake, matawi mawili yamepindwa kama moyo, na kila tawi limepindwa na mtu. Kupogoa wakati wa baridi ni kwa mkono. Kufunga ni kwa mkono. Kuvuna ni kwa mkono, kisha zabibu zinabebwa mgongoni au kupakiwa kwenye kigari cha reli moja kinachotambaa mlimani kwa mngurumo. Hekta moja ya mteremko wa aina hii inakula saa za kazi mara kadhaa zaidi ya hekta ya tambarare inayohudumiwa na mashine.

Na sasa sikiliza hili, manake ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mvua kubwa ikinyesha, sleti na udongo huteremka. Kwa vizazi na vizazi, wakulima wa Mosel wameshuka chini, wakajaza vikapu, na kupandisha tena mlima mgongoni. Wamechimba sleti mpya na kuitandaza kati ya mistari. Wamejenga kuta za mawe bila saruji ili mlima usiwakimbie. Kwa maneno mengine, hata hilo jiwe mnalolisifu, sehemu yake liko pale kwa sababu mtu alilibeba. Mnasifu mgongo mkidhani mnasifu mwamba.

Kuipa asili sifa au lawama ili watu wasionekane sio mchezo mpya kwenye mto huu. Mwaka 1815 eneo hilo lilikabidhiwa Prussia. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri: ushuru uliwazuia washindani, soko la Prussia likawa lao, wakapanda mizabibu zaidi. Kisha Prussia ikafungua mipaka kwa majirani, na ilipofika 1834 muungano wa forodha wa majimbo ya Kijerumani ukaleta waini ya bei rahisi kutoka kwingine. Bei ikaporomoka. Wakulima wakazama kwenye madeni, wengine wakahama kabisa. Maafisa walipoulizwa, majibu yalikuwa tayari: ni hali ya hewa, ni mavuno mabaya, ni wakulima wenyewe hawajui kujipanga.

Kijana mmoja mzaliwa wa Trier, mji ulio kando ya mto huo, alikuwa mhariri wa gazeti la Rheinische Zeitung kule Köln. Gazeti lilichapisha habari kuhusu dhiki ya wakulima, na gavana wa mkoa akaja juu, akidai ni uongo na uchochezi. Januari 1843 kijana yule, akiwa na miaka 24, alijibu kwa makala marefu yenye ushahidi. Hoja yake ilikuwa kwamba watawala wanapenda kutafuta chanzo cha umaskini kwenye asili au kwenye maisha binafsi ya maskini, popote pale isipokuwa kwenye utawala wenyewe. Mwezi huo huo serikali iliamua kulifunga gazeti. Jina lake Karl Marx, na mwaka 1859 aliandika kwamba hali ya wakulima wa Mosel ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kwa mara ya kwanza kusoma uchumi. Huhitaji kukubaliana na yote aliyoandika baadaye ili kuona kwamba hapa aliona sawa.

Sasa linganisha. Mwaka 1843 waini haina bei, wenye sauti wanasema: ni asili. Leo waini ina bei, wenye sauti wanasema: ni asili. Umaskini ulikuwa wa hali ya hewa, utajiri ni wa sleti. Katikati hapo mtu mwenye kikapu mgongoni hajatajwa hata mara moja. Akikosa ni yeye, akipata ni mlima.

Lakini watu wa Mosel hawakukaa kimya siku zote. Tarehe 25 Februari 1926, wakulima kwa maelfu waliandamana hadi Bernkastel, wakavamia ofisi ya ushuru, wakarusha mafaili dirishani na kuyachoma barabarani. Waini yao ilikuwa inatozwa kodi wakati wao wenyewe hawana kitu. Wiki chache baadaye kodi hiyo ya waini ilifutwa. Hilo utalisikia mara ngapi kwenye hafla ya kuonja? Utaambiwa kuhusu bahari ya miaka milioni 400 iliyopita kabla ya kuambiwa kuhusu alasiri moja ya juzi tu.

Najua utetezi unaokuja. Utasema: hadithi ya jiwe inawalinda wakulima hao hao. Bila jina la mlima, waini yao itashindana na ile ya mashine na watakufa njaa. Utetezi huu una uzito, na sitauruka. Ni kweli mashamba ya Mosel yanapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa zaidi ya hekta 12,000. Leo ni chini ya 9,000, na miteremko mikali ni kati ya inayoachwa, vichaka vinarudi. Wengi wa wenye mashamba sio mabwanyenye. Ni familia, baba na binti na shemeji, na wanafanya kazi hiyo ngumu wenyewe. Wakiuza hadithi ya sleti ili walipe benki, siwalaumu.

Lakini je, jina la mlima linawalinda kweli? Mwaka 1971 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria mpya ya waini. Ilichora maeneo mapana na kuyapa majina yanayosikika kama ya mlima mmoja. Kijiji cha Piesport kina mteremko maarufu unaoitwa Goldtröpfchen, sleti tupu, kazi ya mkono. Baada ya sheria hiyo, mashamba tambarare ya karibu na hata ya vijiji jirani, yaliyopandwa zabibu nyepesi zinazoiva haraka, yaliweza kuuza waini yao kwa jina la Piesporter Michelsberg. Mnunuzi wa London au Chicago angejuaje tofauti? Aliona Piesporter, akalipa kidogo, akanywa maji ya sukari, akaamua Mosel ndiyo hiyo. Waliovunjika mgongo mlimani waliishia kubeba sifa mbaya ya chupa ambazo hawakuzitengeneza.

Jina la mahali linaweza kunyooshwa na sheria mpaka lifunike chochote. Saa za kazi haziwezi. Kama mkulima angeuza kwa kusema ukweli, kwamba chupa hii ni ghali kwa sababu hakuna trekta linalofika hapa na kila mzabibu uliguswa na mkono mara nyingi kabla ya mavuno, angekuwa na hoja ambayo shamba tambarare haliwezi kuiba. Tambarare linaweza kudai jiwe. Haliwezi kudai jasho.

Na kuna watu ambao hadithi ya jiwe haiwalindi hata kidogo. Kwa miaka mingi mavuno ya Ujerumani yametegemea wafanyakazi wa msimu kutoka Poland, na baadaye wengi wao kutoka Romania. Sheria ya huko inaruhusu kazi ya muda mfupi bila michango ya bima ya jamii. Unakuja, unapanda ukuta wa sleti Septemba na Oktoba, unarudi kwenu, na siku zako zile haziingii kwenye pensheni yoyote ya Ujerumani. Kwenye chupa kuna jina la kijiji, jina la mteremko, mwaka, daraja la uivu wa zabibu, hata namba ya ukaguzi wa serikali. Karatasi ile ndogo ina nafasi ya kila kitu. Mikono tu ndiyo haikutoshea. Yule Mrumi wa karne ya 3 alikuwa na nafasi ya wapiga makasia.

Mtu atasema, haya ya Ujerumani yanatuhusu nini sisi tunaokunywa chai? Yanatuhusu kwa sababu sisi ni watu wa mteremko. Fungua tangazo lolote la chai ya Kenya. Utaambiwa kuhusu mwinuko, udongo mwekundu wa volkano, mvua ya mwaka mzima, ukungu wa asubuhi. Udongo huo mwekundu wa Kericho ulichukuliwa kwa Wakipsigis na Watalai, na mwaka 1934 serikali ya mkoloni iliwahamisha Watalai hadi Gwassi. Majani mawili na chipukizi havijichumi. Mei 2023 waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchuma chai kwa sababu zilikuwa zinakula kazi zao, na habari zikatuambia kuhusu thamani ya mashine. Bernkastel walichoma mafaili, Kericho walichoma mashine, na pande zote mbili kinachoendelea kupakwa rangi kwenye pakiti ni mlima wenye ukungu.

Ndio maana naona hatari kwa kizazi chetu kulipokea neno hili kwa adabu nyingi namna hii. Tunajifunza lugha ya waini haraka, kama vile watu walivyojifunza lugha ya kahawa, kwa sababu lugha hiyo inafungua milango. Mtu anayesema madini mezani anatangaza kwamba yeye si wa keg. Sawa, kila mtu na njia yake ya kupanda. Ila tukijifunza kusifu jiwe la Mosel, tunajizoesha kusifu udongo wa Kericho kwa masikio yale yale yaliyozibwa. Tunanunua mazoea ya kutowaona watu, na tunayalipia kwa bei ya chupa.

Hata neno lenyewe sio la kale kama linavyojifanya. Kabla ya miaka ya 1980 halikuwa na umaarufu huu. Watu walikunywa waini za Mosel kwa karne nyingi, na karibu na mwaka 1900 zilishindana kwa bei na zile kubwa za Bordeaux, bila mtu kulazimika kulamba mwamba. Kilichoitwa madini leo, mara nyingi ni uchachu mwingi, matunda machache puani, na pengine harufu ya salfa kama ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Kuna maneno ya hayo yote. Uchachu tunao, ukakasi tunao, ukali tunao. Kiswahili hakijaishiwa.

Kwa hivyo kunywa. Ukibahatika kupata Riesling ya mteremko mkali, kunywa taratibu, inastahili. Muuzaji akianza na bahari ya kale, msikilize, ni hadithi nzuri. Kisha muulize maswali matatu. Mteremko huu unalimwa kwa mkono au kwa mashine? Nani alivuna, na alikaa siku ngapi? Alilipwa kwa saa au kwa ndoo? Anayeuza waini anaweza kuyajua majibu hayo, kama tu anavyojua umri wa sleti. Akikuambia hayo hayajui, lakini mwamba anaujua hadi milioni, basi umeshajua anachouza.